Leseni Yenye Masharti

Kwenye baraza la kusajili wataalamu wa afya walimpokea vizuri, wakamkaribisha kiti, kisha wakamwambia jambo lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Hatujakunyima, mama. Umesajiliwa. Ila umeingizwa kwenye kundi la wenye masharti."

Ofisa alimweleza taratibu, kama anayemfunga mtu kidonda. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyesajiliwa kikamilifu anaweza kufungua kliniki yake na kuwafuata wagonjwa majumbani. Mhitimu mpya ana kundi lake, na aliyesomea nchi nyingine hupewa kibali cha muda. Yeye alikuwa na usajili kamili zamani, akauacha ukafa kwa kukaa nje ya kazi miaka mingi. Mtu wa namna hiyo hurudi chini ya msimamizi. Anatibu hospitalini tu, msimamizi akiwa ndani ya jengo lilelile, na hamgusi mgonjwa nyumbani, awe nani.

"Mpaka lini?"

"Mpaka msimamizi wako aridhike."

Hakuwa ameacha kazi kwa uvivu. Watu walimwita Mama Pacha, na mmoja wa mapacha hao alizaliwa na mwili uliokakamaa, hawezi kukaa wala kushika kijiko. Mama yake ndiye aliyemnyoosha na kumkalisha, kutwa kucha, hadi mtoto akaweza kwenda shule kwa kigari chake.

"Kwa hiyo ile haikuwa kazi?" alimuuliza mumewe alipofika nyumbani.

"Ilikuwa kazi," mumewe akasema. "Ila haikuwa na muhuri." Kisha akayaona macho ya mkewe, akakumbuka ana shughuli uani.

Na msimamizi mwenyewe alikuwa nani? Waliyemwita Mrefu! Yule kijana aliyeletwa kwake zamani akiwa mwanafunzi, asiyejua kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumtegua bega. Sasa alikuwa mkuu wa kitengo. Angalau angekuwa na majivuno, Mama Pacha angepata pa kumchukia. Lakini alimwita dada, akampisha mlangoni, na kila mgonjwa alipotoka alimuuliza kwa upole, "Dada, hili umemuuliza? Lile umelipima?"

"Nimeuliza," alijibu, na moyoni akasema: haya, leo kifaranga anamfundisha mama yake kuparua.

Kaka yake Mama Pacha alikuwa fundi seremala. Baba yao alifariki wakiwa wadogo, na huyo kaka ndiye aliyekuwa kaka kwa kuzaliwa na baba kwa mzigo. Siku alipoinua kabati la mteja na mgongo wake ukalia, hakwenda hospitali. Alipiga simu.

"Mdogo wangu, njoo uninyooshe."

"Njoo hospitali, kaka. Nitakupokea mimi mwenyewe."

"Nina daktari ndani ya ukoo, halafu nikapange foleni na watu?"

"Leseni yangu hainiruhusu kutibu nyumbani kwa mtu."

"Kwangu pamekuwa nyumbani kwa mtu?"

Jumapili alikwenda. Alimkuta sebuleni, amelala kifudifudi kwenye mkeka, jasho limemlowesha kisogo. Alimgeuza taratibu, akamwinua mguu mmoja, kisha wa pili, akamgonga magoti, akamwambia asukume nyayo dhidi ya viganja vyake. Maumivu yalishuka miguu yote miwili. Hapo akasita. Mgongo ukiuma na kushuka mguu mmoja ni jambo la kila siku, lakini ukishuka miwili yapo maswali ambayo hayarukwi. Je, una ganzi hapo unapokalia, na katikati ya mapaja? Haja ndogo inatoka kama kawaida? Maana huenda mishipa ya fahamu ya chini kabisa ya mgongo imebanwa, na ikibanwa mgonjwa hukimbizwa kwa mpasuaji. Wagonjwa wengine aliwauliza hayo kama anavyouliza mtu umri wake.

Alifungua kinywa. Kaka yake alikuwa anamtazama. Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. Huyu kaka ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na tangu mdogo wake alipovunja ungo hakuwahi kuingia chumbani kwake bila kukohoa kwanza nje. Kati yao palikuwa na pazia ambalo hakuna aliyewahi kulifunua.

"Na kwingine je," akasema, "uko sawa?"

"Kwingine niko sawa."

Basi akamkanda, akamwonyesha namna ya kulala na namna ya kuinuka, na kaka akasema maumivu yamepungua. "Hii ndiyo mikono niliyoihangaikia!" alimwambia mkewe. Mama Pacha alirudi nyumbani mwepesi. Tangu aliporudi kazini, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtibu mtu bila kuulizwa umefanya hili, umefanya lile.

Jumatano alipita tena. Kaka alisema mguu mmoja umekuwa mzito, naye akamwambia ni uchovu wa misuli. Alilisema haraka, na njiani kurudi neno hilo lilimfuata. Aliongeza mwendo.

Kesho yake alikuwa katika ukumbi wa mazoezi, akimfundisha bibi mmoja kupanda ngazi, simu yake ilipoita.

"Wifi," sauti ilinong'ona, "kaka yako hajapata haja ndogo tangu jana asubuhi. Tumbo limejaa. Amenikataza nisikwambie. Anasema wewe atakwambiaje."

Alimkalisha bibi kitini. Angeweza kusema mlete tu, akanyamaza kuhusu Jumapili na Jumatano, na nani angejua? Lakini Mrefu alikuwa pale, karibu na vyuma vya kujifunzia kutembea, na miguu ilimpeleka kwake kabla akili haijamaliza kupiga hesabu. Alimweleza yote, wamesimama.

"Miguu yote miwili?" Mrefu aliuliza.

"Yote."

"Ganzi?"

Aliitazama simu mkononi, ambayo wifi alikuwa hajaikata.

"Dada, hukumuuliza?"

"Ni kaka yangu."

Mrefu alinyoosha mkono, akapewa simu, akamwomba wifi ampe mgonjwa, akaiweka sauti ya juu. "Shikamoo, mzee. Mimi nafanya kazi na mdogo wako. Nikuulize bila kuzunguka: ukijisafisha chooni, unauhisi mkono wako?"

"Marahaba, mwanangu," kaka alisema. "Siuhisi. Ilianza kidogo ile siku ya kabati, sasa sihisi kabisa."

Hivyo tu. Alimjibu mtu asiyemjua kwa urahisi wa mtu anayetaja mtaa anaokaa. Mama Pacha aliegemea ukuta.

Kaka alifikishwa hospitali mchana huohuo, akapigwa picha, na kabla jua halijazama alikuwa chumba cha upasuaji. Mama Pacha na wifi yake walikaa kwenye benchi moja la ukumbini, kati yao pengo la kumtosha mtu wa tatu.

"Wanasema mficha uchi hazai," wifi alisema hatimaye, bila kugeuka. "Yeye simshangai, ni mgonjwa. Wewe ulisomea."

Mpasuaji alitoka akasema amefanya alichoweza. Mgonjwa atatembea. Hayo mengine yatasubiriwa, kwa sababu mishipa ilibanwa kwa siku nyingi mno.

Asubuhi iliyofuata, Mrefu alimkuta Mama Pacha akikunja mashuka ya vitanda vya mazoezi. Alishika ncha za pili za shuka, wakakunja pamoja.

"Dada, itabidi niliarifu baraza."

"Najua."

"Ningeweza kungoja mzee atoke kwanza."

Mama Pacha alitamani kusema ngoja. Neno lilifika mpaka kwenye meno. "Usingoje," akasema. "Ukingoja, utaanza kunihurumia, na baadaye utashindwa." Kisha akakaa juu ya kitanda na kulia, na Mrefu akaendelea kukunja mashuka peke yake, maana hakujua afanye nini kingine.

Baraza halikumfutia usajili, kwa kuwa alijisema mwenyewe. Lilimrudisha mwanzo: muda wote wa usimamizi uhesabiwe upya, na kila mgonjwa mpya apimwe mbele ya Mrefu. Alisoma uamuzi, akausaini, akarudi ukumbini.

Kaka alianza mazoezi hukohuko, mikononi mwa Mrefu, kwa sababu dada haruhusiwi kumtibu nduguye. Unyayo mmoja ulikuwa unaburuta. Alibeba mfuko wa mkojo ndani ya suruali pana, na wapasuaji hawakuwa na jibu kama utaondoka. Siku moja aliketi kupumzika karibu na dada yake.

"Hata ungeniuliza, ningekudanganya," alimwambia.

"Huenda."

"Si huenda. Ningekudanganya."

"Ndiyo maana baraza halikutaka nije kwako peke yangu, kaka."

Alitikisa kichwa, akacheka kidogo, akashika vyuma na kuinuka tena.

Kaka alimsamehe, au alisema hivyo. Karakana ameifungua tena, anapiga randa akiwa ameketi kwenye kiti kirefu alichojitengenezea. Mama Pacha huenda kuwatembelea kila Jumapili, na hamgusi hata bega. Wifi humfungulia mlango, humsalimia, humwekea chai mezani, kisha huingia jikoni na hatoki mpaka mgeni aage.