Ua la Pembeni

Tulijitolea wanawake sita kwenye maonyesho ya darizi, katika nyumba ya tajiri mmoja wa zamani wa pamba, hapa mtaani kwetu Bukhara. Tunafagia, tunapokea wageni, tunawakanya wasiguse suzani, zile nguo za ukutani ambazo binti hudariziwa kwa ajili ya harusi yake. Kila mmoja wetu alileta ya kwao. Mimi nilipewa chumba kikubwa kwa sababu nina diploma ya ushonaji, na pia nina mdomo.

Siku mbili kabla ya kufungua, akaja Sherali, mkurugenzi wa maonyesho, kutoka mji mkuu Tashkent, viatu vinameta. Akasimama mbele ya suzani ya mwenzetu Hosiyat.

"Hii haijaisha."

Kweli, maua yote yalijaa hariri nyekundu, ila la pembeni lilichorwa kwa kalamu tu.

"Imeachwa makusudi, kaka," nikamwambia. "Kwetu pembe moja haimaliziwi, ili kazi ya harusi isikome ndani ya nyumba."

"Wageni wataona uvivu. Mbona zenu nyingine zimekamilika?"

Hapo alinipata. Zetu tulikuja kuzimalizia wenyewe, miaka ile watalii walipoanza kununua na kulalamika.

Akaniwekea sindano na uzi mkononi. "Wewe si ndiye fundi? Kesho jioni nikute limejaa, au nguo ishuke."

Hosiyat alikuwa mlangoni na birika. "Mama alinionyesha kwa kidole chake pa kuishia," akasema taratibu. "Ukipashona, dada Mastura, usije tena kwangu kunywa chai."

"Chai yenyewe haina ladha," nikamjibu, "lakini bado naitaka."

Asubuhi nikawagawia wenzangu mikasi. Kila mtu akakaa mbele ya suzani yake.

"Ua hili lilinichukua wiki nzima," Oydin akanung'unika.

"Kulifumua ni dakika kumi. Umepiga hatua."

Nikafumua langu. Uzi ulipotoka, kitambaa chini yake kilikuwa bado cheupe, na mchoro wa kalamu ya mama yangu upo palepale. Nikaufuata kwa kidole mpaka mwisho.

Jioni Sherali akazunguka chumba. Ukuta wa kwanza, pembe tupu. Wa pili, pembe tupu.

"Nani amefanya haya?"

"Wavivu sita, kaka. Acha zote au shusha zote. Ukishusha, kesho wageni wako waonyeshe misumari."

Akatutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeinamisha macho.

Hosiyat akaja na birika. Sisi mgeni tunayemtaka tunammiminia kidogo kidogo, tupate kumwongeza na akae zaidi. Yeye alimjazia Sherali kikombe mpaka ukingoni, akakishikilia mbele yake kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Sherali akakitazama. Hata Tashkent wanajua maana yake. Akanywa, akaaga.

Suzani zilibaki ukutani, zote sita. Kikombe nilikiosha mimi.