Masanduku Mbele ya Madhabahu

Mtu wa kwanza kwenda chooni asubuhi ile alimkanyaga Mireille mkononi. Wa pili aliliruka sanduku lake, akasonya. Mireille alikuwa amelala kwenye korido ya fleti ya Maman Henriette, Albert Park, Durban, mgongo ukutani, sanduku tupu akiwa ameliegemeza ubavuni kama ngome. Hatua chache kutoka hapo, nyuma ya pazia la maua, kwenye kitanda kilichokuwa chake miaka yote aliyoishi humo, mtoto wa watu wengine alikuwa akikohoa.

Nafasi ile aliitoa mwenyewe. Hakufukuzwa. Kanisani kwao mtu aliyeahidiwa safari hangojei viza ndipo ashukuru. Hushukuru kwanza, mbele ya watu wote, kisha huachia nafasi yake kama mtu ambaye kesho hayupo. Mireille alishukuru siku ya Pasaka. Alipanda madhabahuni na sanduku, Pasta Josias akalipaka mafuta, naye akashika kipaza sauti akatangaza kwamba ameshapata: mwaka mzima ng'ambo, kwa ile viza ya vijana ya likizo na kazi. Papa Gadiel, shemasi, ndiye aliyekuwa akiishughulikia. Watu walilia kwa furaha. Kesho yake Mireille akampa Tina kiti chake cha kusukia nywele kule saluni mjini, na familia iliyotoka Bujumbura ikaingia nyuma ya pazia.

Alitaka kuondoka, hilo hakulificha. Alikuwa amechoka kuzuiwa mlangoni mwa kliniki na wenyeji wasiotaka wageni, si wauguzi wala polisi, wakimdai kitambulisho huku homa inampanda. Alitaka mwaka mmoja tu wa kutoulizwa anarudi lini kwao.

Baridi ya Juni ikaja, viza haikuja. Papa Gadiel alikuwa amewakataza waumini wasiende kuulizia. Mambo ya rohoni, alisema, hayaulizwi dirishani. Ijumaa Mireille akaenda kwenye ofisi ya viza. Dada wa Kizulu aliyekaa nyuma ya kioo aliitazama hati yake ya ukimbizi, akamrudishia taratibu, akimwita sisi, yaani dada kwa lugha ya huko.

"Sisi, viza hii ni ya pasipoti za nchi chache. Hii yako haimo. Haijawahi kuwemo."

"Lakini ombi langu lipo. Lililetwa zamani."

Dada aliandika jina, akangoja mashine, akatikisa kichwa. "Eish. Hakuna kitu hapa, sisi. Pole."

Jumamosi Mireille aliyasema hayo saluni, kwa sauti, juu ya mlio wa mashine za kukaushia nywele. Hata kabla giza halijaingia, ngazi zote za Albert Park zilikuwa zimeshasikia kwamba Mireille anaharibia watu safari.

Sasa, Jumapili, kabla ya ibada, Pasta Josias alikuwa amemwita katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa kanisa, juu ya duka la samani. Papa Gadiel alikaa pembeni, suti ya buluu, akinywa maji.

"Mireille, mwanangu," Pasta alisema. "Umekula?"

"Hapana, Pasta."

"Voilà, ndiyo hiyo. Njaa inasemesha watu vibaya."

Papa Gadiel akacheka.

"Si njaa iliyonituma dirishani," Mireille alisema.

"Dirishani ulimwona nani?" Papa Gadiel aliweka glasi chini. "Msichana wa kupokea watu! Mimi niko na watu wangu ndani, juu kabisa. Yule anajua nini? Ulikuwa karibu, binti. Karibu hivi. Ukaenda kugonga-gonga, wakalitupa faili lako."

"Hakukuwa na faili, papa."

"Hakuna sasa! Kwa sababu ya nani?"

Kwa muda mfupi Mireille alimwamini. Akajiona amebomoa mlango wake kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akayakumbuka macho ya yule dada nyuma ya kioo, macho ya mtu ambaye amekwisha kusema maneno yale yale kwa wengi.

"Hatutaki vita," Pasta alisema. "Leo utasimama, utasema shetani alikutumia, utaomba msamaha kwa shemasi na kwa kanisa. Basi. Tina atakurudishia kiti chako, nimesema naye. Na Maman Henriette pia nimesema naye."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba nyumba yake ni nyumba ya maombi. Haiwezi kulaza mpinzani, hata koridoni."

Maman Henriette mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fundo la kitenge chake. Ndiye aliyemleta Mireille Durban, akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni.

"Sema tu samahani, mwanangu. Neno moja iko nguvu gani? Leo Glody wangu anatoa shukrani. Usimfungie ndugu yako njia."

"Maman, unaamini nimesema uongo?"

Maman Henriette alilikaza fundo ambalo halikuwa limelegea. "Mimi ninaamini watoto wangu watoke hapa," alisema.

Ukumbini masanduku yalikuwa yamepangwa mbele ya madhabahu, mengine yakiwa bado na nailoni ya dukani. Glody, mwana wa Maman Henriette, alikuwa wa kwanza mstarini. Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, miguuni bado buti za ghala la Mobeni. Kesho angekwenda kuzirudisha na kuaga kazini.

Mireille alipewa kipaza sauti.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Viza ile haipo. Kwangu haipo, wala kwa mtu yeyote mwenye hati kama hizi zetu. Glody, kesho usirudishe buti. Nenda ka..."

Kipaza sauti kilikatika. Kinanda kikaanza. Mireille akapaza sauti yake mwenyewe, akarudia yote tangu mwanzo, mshipa ukimtoka shingoni, na safu za mbele zilimsikia vizuri sana. Hakuna aliyeondoa sanduku. Mama mmoja alilivuta la kwake karibu na magoti, akalikumbatia.

Glody alilisukuma lake mbele kidogo kwa ncha ya buti, hadi pale mafuta yangeweza kulifikia.

"Yaya Mireille," alisema, kwa neno lao la kumwita dada mkubwa, bila hasira, kama mtu anayemwomba mwenzake apishe njia. "Omba msamaha basi. Unatuchelewesha."

"Omba msamaha!" ukumbi ulidakia. "Omba! Omba!"

Pasta Josias alichovya kidole katika mafuta, akangoja, akitabasamu. Maman Henriette alifumba macho.

"Siombi," Mireille alisema.