Ndevu za Mstari wa Kumi na Saba

Mimi si mtu wa kulialia, lakini mahindi ya mstari wa kumi na saba yalinitoa machozi mchana kweupe, mbele ya vibarua. Yalikuwa mahindi ya mama. Alipofariki aliacha kopo moja la mbegu, na sisi watoto wake tukaapa kwamba hakuna mbegu ngumu kama ile. Mwaka wa ukame mkali, mama akiwa bado hai, majirani walivuna mabua, sisi tulivuna mahindi. Nikampelekea mbegu hiyo mtafiti wa kituo ninachofanyia kazi ya kupima mimea, akaipanda kwenye jaribio la ukame. Ikifaulu, itazalishwa na kugawiwa wakulima. Ikishindwa, inafutwa kwenye orodha, basi.

Tulikata maji wiki mbili kabla ya mahindi kuchanua. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu siku tangu mbelewele za juu zianze kumwaga chavua mpaka ndevu za hindi zichomoze chini. Mmea wenye afya hupitisha siku mbili tatu. Wenye kiu huchelewesha ndevu, na zikitoka zinakuta chavua imekwisha, hindi linabaki na mapengo kama kinywa cha bibi kizee.

Siku ya tatu, hakuna ndevu. Ya tano, hakuna. Kufika saa nne asubuhi majani yalikuwa yameshajikunja, nami nikajikuta nalia na kunong'ona, "Mama, jikaze basi."

"Fundi, unaongea na mahindi?" kibarua mmoja akadakia. "Yakikujibu utuite."

Ndevu zilitoka siku ya nane. Mbelewele zote za mistari ya jirani zilikuwa zimekauka.

Hapo nikafanya ujinga ambao hata kibarua wa jana asingeufanya. Nilikwenda upande unaomwagiliwa, kwenye mistari iliyochelewa kuchanua, nikakung'utia chavua ndani ya mfuko wa kaki, nikaja kuzipaka ndevu za mama moja moja. Nilijiambia simdanganyi mtu, namsaidia mzazi wangu.

Siku ya kuvuna, mistari mingine yote ilitoa mahindi yenye mapengo. Ya mama yalijaa punje hadi nchani.

"Dada, mama yako katuachia hazina," mtafiti alisema, akiligeuzageuza hindi mkononi. "Msimu ujao hii inakwenda kwa wakulima wa kule kusikonyesha."

Nikawaona wakulima hao wamesimama mbele ya mabua, na watoto wao nyuma yao. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii wangeitembea wao.

"Ifute, kaka," nikasema. "Niliichavusha mwenyewe."

Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alipiga mstari mwekundu kwenye daftari, akanirudishia mbegu zilizobaki stoo, konzi moja tu.

Jioni nilimpigia simu mama mdogo, nikamlilia: mbegu yetu ilikuwa ngumu, imekuwaje tena?

Alicheka kidogo.

"Mbegu ngumu? Kumbe hamkujua? Dada yangu alikuwa anayabebea mahindi yake maji ya kufulia, ndoo kwa ndoo, alfajiri, nyie mmelala. Ule mgongo uliomtesa mpaka anakufa, mlidhani ni uzee?"

Miaka yote hiyo tumeisifu mbegu. Laiti ningeamka hata alfajiri moja tu, nikampokea mama ndoo.