Maji ya Same Yamchongea Sifael

Sifael alizaliwa Chome, juu milimani, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuyasema maji ya Same. Tangu ateremke kufanya mazoezi ya kufundisha kemia, hakuna aliyepona malalamiko yake. Chai ya huku, alisema, ina ladha ya chumvi. Sabuni ya huku haitoi povu hata ukiibembeleza. Kila Jumapili alirudi kutoka kwao na galoni la maji ya chemchemi. Madam Beatha, mwalimu wa historia na Mpare mwenzake wa milimani, naye alikuwa na lake, kalifungia kabatini kwa kufuli.

Alhamisi hiyo ndiyo ilikuwa ya kufa na kupona. Madam Nasrin kutoka chuoni alikuja kumkagua, na ukaguzi wa kwanza Sifael alifeli kwa kutetemeka mpaka chaki ikakatika mara nne. Akifeli tena, anarudia mwaka mzima. Galoni lake lilikuwa limekwisha tangu jana, lakini hilo halikumkosesha usingizi. Akakinga maji ya bombani, basi. Jaribio la siku hiyo alishalifanya nyumbani Chome mara kumi, na mara zote kumi lilimtii.

Betri tatu, nyaya mbili, kitaa kidogo cha LED cha tochi. Alichomeka ncha za nyaya kwenye chumvi kavu, kitaa hakikuwaka.

"Chumvi ikiwa kavu haipitishi umeme," alisema, na sauti haikutetemeka. "Sasa tuangalie maji matupu. Nayo hayatawasha kitaa." Akazamisha nyaya kwenye glasi ya maji.

Kitaa kikawaka.

Darasa likapiga makofi. Sifael akainama kuchungulia glasi. "Nyaya zimegusana," alisema, akazitenganisha. Kikawaka. Akabadilisha kitaa. Kipya kikawaka vizuri zaidi, kama kinamzomea. Kule nyuma, kalamu ya Madam Nasrin haikupumzika.

Sumaiya, mwanafunzi aliyekaa dawati la mbele, akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Hayo siyo maji matupu. Si wewe mwenyewe unasemaga kila siku yana chumvi?"

Kicheko kilisikika mpaka kwa wapishi. Miezi miwili mtu anayatukana maji asubuhi na jioni, halafu siku ya kuyakumbuka matusi yake, amesahau! Bado angeweza kuzisingizia betri. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Aliona aibu hata kuutoa.

"Nimekosea," alisema. "Sumaiya yuko sahihi." Kisha akatoka mbio kwenda kumwangukia Madam Beatha.

Madam Beatha alikuja amelikumbatia galoni lake, akamimina nusu kikombe huku akinung'unika kwa Chasu, Kipare chao, akabaki hapohapo kulilinda. Nyaya zikazamishwa. Kitaa kimya. Sifael akatia kijiko cha chumvi, akakoroga, na mwanga ukajitokeza. Hata Madam Beatha alisahau kununa.

"Chumvi imejengwa kwa ioni, chembe zenye chaji," alieleza Sifael, sasa bila kutazama daftari. "Ikiwa kavu, zimebanana, kila moja imeshikwa na jirani zake, haiendi popote. Ndani ya maji zinaachiana, zinatembea, na zinapotembea ndipo umeme unapita. Maji ya bomba letu yametoka ardhini na ioni zake. Ndiyo maana kitaa kiliwaka bila kuniomba ruhusa."

Kipindi kilipokwisha, Madam Nasrin alimkabidhi fomu ya ukaguzi. Sifael akaisoma akiwa amesimama mlangoni. *Maandalizi: hafifu. Hakujaribu vifaa kabla ya kipindi.* Akashusha macho kwenye mstari uliofuata. *Udhibiti wa darasa: wanafunzi walimcheka.* Akaegemea ukuta, tayari anatafuta maneno ya kumwambia mama yake. Chini kabisa, karibu na sahihi, palikuwa na mstari mmoja zaidi.

*Amefaulu. Mwalimu huyu anafundishika.*