Mkebe wa Mzee Mwaura

Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi Kui alikuwa amekamua ng'ombe wa watu, amepika uji na kumwaga tembe ishirini na nane chooni. Siku ya kliniki kila mgonjwa wa presha hupeleka mkebe wake ukahesabiwe kabla ya kupewa dawa nyingine, na mkebe wa babake ulikuwa na tembe nyingi mno.

Zilikuwa dawa za kupunguza mafuta kwenye damu. Za presha Mzee Mwaura alimeza bila kukosa. Hizi Kui alimwachisha tangu Aprili, walipokuwa bado hemani, kambini kwa waliofurushwa, baada ya nyumba yao ya Rongai kuchomwa. Mzee alikuwa amekonda, nyama hajaionja tangu Krismasi. Mafuta yangetoka wapi? Angeuliza, ila pale kliniki, mradi unakotoa dawa bure, palibandikwa karatasi ukutani: ASIYEMEZA DAWA ANAONDOLEWA KWENYE MRADI. Karatasi kama hiyo haimfundishi mtu kumeza dawa, inamfundisha kudanganya.

Huko kliniki, Nakuru, Daktari Nanyama aliyakazia macho majibu ya maabara.

"Mzee, figo zinazidi kuchoka. Hii dawa ya mafuta tulikupea ilinde mishipa, ya moyo na pengine hata ya figo. Miezi minne sasa, sioni kitu. Unaongeza chumvi kwa chakula?"

Mzee alimtazama Kui kidogo, akainamisha kichwa.

"Ni chumvi, daktari. Nimekosea."

Chumvi! Mpishi ni Kui, na chumvi haiingii sufuria ya mzee. Uso ulimwaka. Babake alijua vizuri ni dawa hazimezwi, na sasa anambebea lawama.

"Basi hii dawa tuiongeze mara mbili," daktari akasema, kalamu mkononi.

"Ngoja, daktari. Hajakuwa akimeza. Ni mimi nilimkataza tangu Aprili. Nilidhani mtu aliyekonda hana mafuta. Ndiyo sababu figo zimeharibika?"

Nanyama aliweka kalamu chini.

"Siwezi kukuambia ni hiyo. Presha peke yake inaharibu figo. Lakini hata mimi sijui tena, juu miezi yote hii nimekuwa nikitibu uongo."

Afadhali angemtukana. Daktari aliandika ukweli wote kwenye kadi. "Asante kwa kusema," akamwambia. "Kuanzia leo anameza."

Kwenye dirisha la dawa, karani Kosgei aliisoma kadi, akachukua rula na kalamu nyekundu, akalikata jina la Mzee Mwaura kwa mstari ulionyooka vizuri.

"Lakini boss, daktari amesema ameze!"

"Daktari kazi yake ni kutibu. Orodha ni yangu. Mwenye kuruka dawa anatoka."

"Hata za presha?"

"Zote."

"Na nimesema ukweli mwenyewe!"

"Si ndio huu nimesoma? Next!"

Mzee alimshika Kui kiwiko. "Twende, mama. Umesema vizuri."

Kui alishindwa kumtazama. Mkebe aliukumbatia kifuani, mwepesi, na tembe alizozimwaga asubuhi zingemfikisha mzee mwezi ujao.

Nyuma yao kwenye foleni, mwanamke mmoja aliyekuwa amesikia kila neno alifungua mkebe wake, akamimina tembe kadhaa kiganjani na kuzifunga kwenye pindo la leso. Kisha akasogea dirishani.