Faranga za Mabenchi ya Kanisa

Mwaka wa 1956 Zuberi, seremala wa Kasongo, alitengeneza mabenchi arobaini ya kanisa la misioni. Mababu zake walikuwa Waislamu wa mjini tangu zamani, lakini mbao ni mbao, na padri alikuwa mlipaji mzuri. Kazi ilimchukua miezi mitano. Siku ya malipo alizifunga faranga elfu saba na mia tano katika kitambaa, akakifunga kitambaa kiunoni, akarudi nyumbani polepole kama mtu aliyebeba mayai.

Mkewe Mwamvita alikuwa uani, anatwanga mpunga.

"Mama Amisa," Zuberi alisema, hata pumzi hajavuta, "weka mchi chini. Leo tunamaliza deni la nyumba."

Nyumba yao ilikuwa ya matofali, vyumba vitatu na mabati mapya. Walikuwa wameijenga kwa mkopo wa serikali, nao walikuwa wakirudisha faranga mia tatu kila mwezi. Ilibaki miaka miwili kamili. Mwamvita alilala humo usingizi mtamu, ila Zuberi hapana. Alipokuwa mtoto, mtaa wao wote ulihamishwa ili barabara ipite, na tangu hapo hakuamini nyumba yoyote ambayo karatasi yake iko mikononi mwa mtu mwingine.

Mwamvita hakuweka mchi chini. "Baba Amisa, hilo deni linalipika pole pole. Kule Kabambare iko mashini ya kukoboa mpunga, ya kuzungusha kwa mukono. Mwenye duka anarudi kwao, anaiuza elfu sita. Angalia viganja vyangu. Kasongo nzima wanawake wanatwanga. Tukiwa na ile mashini, watakuja wote hapa."

"Na ikiharibika?"

"Wewe si fundi?"

Walibishana mpaka ugali ukapoa. Mwishowe wakapatana hivi: Zuberi aende Kabambare akaione hiyo mashine kwa macho yake, na Mwamvita aende ofisini akamuulize karani wa mikopo watapata faida gani wakilipa zote mara moja.

Zuberi alipanda kamio, lori la mizigo, alfajiri, moyoni ameshaamua kuitafutia mashine kasoro. Alipofika Kabambare aliifungua skrubu zake moja moja, akapitisha kidole kwenye meno ya magurudumu. Mwenye duka akamwaga kikapu cha mpunga juu, akamwambia azungushe. Zuberi akazungusha. Pumba zikaruka upande mmoja, mchele ukateremka upande mwingine, mweupe. Akaomba kikapu cha pili, kisha cha tatu, mpaka mwenye duka akamuuliza kama amekuja kununua au kufanya kazi ya bure.

Huku Kasongo, Mwamvita alikaa mbele ya karani Gaston, kijana mpole mwenye miwani.

"Mukilipa leo, mama, riba inapungua karibu faranga mia ine," Gaston alimweleza. "Si nyingi. Lakini tunawapa hii."

Akamwonyesha hati ya mtu mmoja aliyekuwa amemaliza deni lake: karatasi nene, jina katikati, muhuri mwekundu chini. Mwamvita aliishika kwa ncha za vidole. Akafikiria jina la mumewe mahali pale, na watoto wake wakikaa katika nyumba ambayo hakuna mtu wa kuwatoa. Njiani hakusalimia watu vizuri.

Zuberi aliporudi kesho yake, alimkuta mkewe mlangoni. Wote wawili wakasema kwa pamoja:

"Tununue mashini!"

"Tulipe deni!"

Wakatazamana: kila mmoja alikuwa ameshika neno la mwenzake. Zuberi akaanza kucheka, Mwamvita akashika ukuta, machozi yakamtoka kwa kicheko, mpaka jirani yao Marie-Louise akavuka ua kuja kuona kuna nini. Alikuwa mjane, Mkristo, mwenye shamba kubwa la mpunga kwenye njia ya Nyangwe, na ndiye aliyemletea Mwamvita habari za mashine ile.

Wakamweleza yote. Marie-Louise akajipangusa mikono kwenye kitenge.

"Sasa munalilia nini? Mimi niko na elfu tatu za mavuno. Mashini tununue pamoja, nusu yangu, nusu yenu. Zile zinazobaki mulipe deni la mwaka mzima. Baba Amisa atalala, na Mama Amisa atapona mikono."

Wakapeana mikono. Siku ile ile Mwamvita akapeleka ofisini faranga elfu tatu na mia sita, na juma lililofuata mashine ikashuka kwenye kamio mbele ya nyumba yao.

Wanawake wa mtaa walikusanyika na vikapu. Mchele wa kikapu cha kwanza ulitoka vipande vipande kama chenga za kuku. Zuberi akainama, akalegeza skrubu moja, akaweka kipande chembamba cha ubao chini ya gurudumu. "Zungusha tena," akamwambia mkewe. Mwamvita akazungusha. Mchele ukateremka mzima mzima, naye akaukinga kwa viganja, akauinua juu watu wote wauone. Vigelegele vilisikika hadi sokoni.

Malipo yalikuwa kopo moja kwa kila makopo kumi. Mchele huo waliuuza kwa wachuuzi waliopeleka chakula kwa wachimbaji wa madini wa Salamabila, nao hawakutosheka. Miezi kumi haijaisha, Mwamvita na Zuberi walirudi kwa Gaston, wakaweka mezani deni lote lililobaki. Gaston akapiga muhuri kwa nguvu hata wino ukamrukia kwenye shati, akasema si kitu, leo si kitu kabisa.

Jioni hiyo Marie-Louise alileta samaki wa Nyangwe na mafuta ya mawese. Wali ulipikwa katika sufuria mbili kubwa, na ngoma ikapigwa uani. Zuberi, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akicheza, alimpandisha mtoto wao Amisa mabegani akaingia katikati, akikosea kila hatua, na Mwamvita akampigia makofi mpaka viganja vikawaka moto.