Jemadari Nyuma ya Pazia

"Hajazaliwa msichana wa kuninyima usingizi," alisema Jemadari, cheo alichojipa mwenyewe, akijitazama kwenye kioo huku dada yake, fundi cherehani, akimbana suruali mpya kwa pini. "Yule wa kidato cha tatu nilimwacha mwenyewe. Hata namba nilishafuta."

"Hongera, baba. Kavue, taratibu, pini zisikuchome."

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri gauni lake akacheka kwa pua.

Jemadari akaingia nyuma ya pazia kwa mikogo, dada akarudi kwenye cherehani. Muziki wa simu yake ulikuwa ukirindima kwenye spika ya dukani. Aliiunganisha alipofika, wala hakuombwa. Kule ndani, suruali ikiwa magotini, mshindi wetu akafungua meseji. Tangu asubuhi alikuwa amemwandikia binti huyo "aliyemfuta" mara arobaini na tatu. Jibu lilikuwa moja tu: "Nimesema basi. Niache."

Akazima muziki, akasogeza simu mdomoni, akarekodi kwa kunong'ona. Kabla ya kutuma akataka kujisikiliza, maana dume lazima sauti iwe nzito. Spika ameshaisahau. Akabonyeza.

Spika haikumsahau. Ikanguruma duka zima:

"Usiponirudia kufikia saa kumi, picha zako shule nzima itaziona. Na ukipita getini nitakuzaba tena, kama Ijumaa!" Hapo simba akaishiwa pumzi, akabaki paka aliyenyeshewa: "Basi nijibu, mpenzi. Siku ya tatu hii sijalala..."

Cherehani ikanyamaza. Jemadari akarukia kitufe. Pini zikamkumbusha mapaja yalipo. Pazia likavutwa.

"Lete simu."

"Dada, ni utani tu..."

"Ijumaa ulikuja mkono umevimba, ukasema mpira. Nikakukanda kwa maji ya moto. Kumbe nilikuwa naukanda mkono uliompiga mtoto wa watu?"

Dada mtu akaichukua simu, akaitia mfukoni mwa aproni.

"Haitumwi hii, wala picha haziendi popote. Vaa. Tunakwenda kwao sasa hivi, na maneno haya utayarudia mbele ya mama yake, kwa sauti hiyo hiyo."

Jemadari akajifunika kwa pazia, akamgeukia yule mteja kama anayetafuta wakili. Mama akamwangalia kuanzia nywele hadi magotini.

"Na huyo aliyekunyima usingizi siku tatu, mwanangu," akauliza, "atazaliwa lini?"